Shosho wa vipele: mtu anafikaje miaka 61 akiwa bado yuko Olimpiki ya tenisi ya meza

Wiki ya kwanza ya Agosti 2024, shule ndio zimefungwa tu, niko na watoto kama kumi na wawili pale social hall yetu ya Eastlands, meza mbili, beseni moja ya mipira na sakafu ya simiti yenye vumbi mpaka lazima ufute soli za viatu na kitambaa kilicholowa kabla ya kila gemu. Nikawaita tukatazama kwa simu yangu kipande cha mechi ya Paris. Kioo cha hiyo simu kina ufa kutoka kona hadi kona, mpira ukifika katikati unapotea kidogo halafu unatokea upande ule mwingine, lakini mchezaji walimwona vizuri. Kijana mmoja akauliza, "Koch, kwani huyu ni shosho ya nani?"

Nikamwambia ni shosho ya Luxembourg.

Anaitwa Ni Xialian. Alizaliwa Shanghai tarehe 4 Julai 1963, yaani sisi tumepata Madaraka mwezi uliopita na bendera yetu ya uhuru bado haijapandishwa. Mwaka 1983 pale Tokyo akawa bingwa wa dunia na timu ya China, na pia mchanganyiko, ile ya wawili wawili mwanamume na mwanamke, akicheza na Guo Yuehua. Halafu mwisho wa miaka ya themanini akaenda Ujerumani, akahamia Luxembourg, na Olimpiki yake ya kwanza akacheza Sydney 2000 akiwa na miaka 37, umri ambao hapa kwetu ungekuwa umeshaambiwa uingie kwa kamati ya kununua maji. Paris ilikuwa ya sita. Raundi ya kwanza akamtoa dada wa Uturuki seti 4 kwa 2, raundi ya pili akakutana na Sun Yingsha, namba moja wa dunia wakati huo, miaka 23, akachapwa 4 bila. Kuchapwa na Sun Yingsha si aibu bana, karibu kila mtu huchapwa na Sun Yingsha.

Sasa watu wakisikia hii stori wanasema vitu viwili, ati "anakula vizuri" na "amejitunza". Mimi ni kocha na pia ndiye ninayebandika raba za watu hapa mtaani, ule mpira unaofunika uso wa raketi (raketi sisi tunaita bati, sio ile ya kuezekea nyumba), na nawaambia chakula ni sehemu ndogo. Nikiangalia waliodumu miaka ishirini na tano, thelathini, kitu wanachofanana wote ni kwamba walikubali kujifunza mchezo upya. Na si mara moja. Kwa sababu huu mchezo, ukiutoa ile meza ya mita 2.74 kwa 1.525 na neti ya sentimita 15.25, kila kitu kingine kimebadilishwa watu wakiwa katikati ya kazi.

Chukua Segun Toriola wa Nigeria, huyu ndiye huwa natumia kueleza. Barcelona 1992 alikuwa na miaka 17, Rio 2016 alikuwa na 41, Olimpiki saba, Mwafrika wa kwanza kufika saba. Katikati hapo, mwaka 2002 kule Manchester, akachukua dhahabu ya singo, mmoja kwa mmoja, ya Jumuiya ya Madola. Alipoanza, mpira ulikuwa wa milimita 38, gemu (yaani seti moja) inaenda mpaka pointi 21, kila mtu anasevu, yaani anaanzisha mpira, mara tano mfululizo, na ukisevu unaruhusiwa kuficha mpira nyuma ya mkono au kifua chako ili mwenzako asione umeugusaje. Hii ya mwisho ndio ilikuwa uchawi wenyewe. Mtu angeweza kuishi miaka kumi kwa sevu tu, hana kitu kingine, mpokeaji anakisia kama mtu anayesubiri matatu ambayo haina namba.

Sydney 2000 ikaisha, na Oktoba hiyo hiyo mpira ukapanuliwa ukawa milimita 40, uzito ukatoka gramu 2.5 ukawa 2.7. Ukisikia milimita mbili unaona ni mchezo wa watoto, lakini hewa inashika mpira mkubwa zaidi, kasi inapungua, spini (ule mzunguko wa mpira) inapungua, na ile winna yako ya zamani, pigo la kumaliza pointi, inarudi. Ndio walichotaka, watu wa TV walikuwa wanalalamika hawaoni kitu. 2001 gemu ikakatwa kutoka 21 hadi 11 na sevu zikawa mbili mbili, kwa hivyo wale waliozoea kuanza polepole wakijua watamfikia mpinzani kwenye 15 wakajikuta gemu imeisha wakiwa bado wanapasha misuli. 2002 kuficha sevu kukapigwa marufuku, mpira lazima uonekane wakati wote. Yaani kati ya Sydney na Athens mpira mpya, hesabu mpya na sevu mpya. Mimi nasema Sydney na Athens ni michezo miwili tofauti inayotumia meza moja, na wachezaji wengi wazuri walipotea hapo katikati kimya kimya, hakuna aliyewaumiza goti, sevu tu zimekufa.

Ndio maana Jan-Ove Waldner wa Sweden ananishangaza zaidi kwa Athens kuliko kwa dhahabu yake ya Barcelona 1992. Athens 2004 ana miaka 38, kila silaha yake ya ujana imefungiwa, na bado akamtoa Ma Lin, akamtoa Timo Boll, akafika nusu fainali. Msweden mwenzake Jörgen Persson naye akafika nusu fainali ya Beijing 2008 akiwa na 42.

Halafu kuna mambo ya gluu, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Miaka ya sabini wachezaji wa Ulaya waligundua kwamba ukibandika raba na gluu ya pancha ya baiskeli, ile dawa iliyo ndani yake inaingia kwa spanji iliyo chini ya raba, spanji inavimba, raba inavutika kama ngozi ya ngoma, na mpira unatoka kwa raketi ukilia. Kuna sauti fulani, kama kofi. Shida ni kwamba inakauka, kwa hivyo unabandua na kubandika upya kila siku ya mechi, chumba cha kubadilishia nguo kinanuka mpaka kichwa kinauma. Sisi wa Nairobi hiyo harufu hatuhitaji kuelezwa, ni ile ile ya vichupa ambavyo chokoraa walikuwa wanashika mdomoni pale River Road, ndio sababu nilipoanza kubandika raba nyumbani mamangu alifungua mlango, akanusa, akaniita majina yangu yote matatu. Baada ya Beijing 2008 hiyo gluu ikapigwa marufuku, sasa hivi tunatumia ya maji, nyeupe kama maziwa, unapaka na spanji ndogo, unasubiri mpaka iwe kama kioo, huwezi kuharakisha. Haina harufu na pia haina lile kofi. Mtu aliyejenga mkono wake juu ya ile kasi ya bure akabaki anasukuma mpira unakufa kwa neti.

Na 2014 wakabadilisha hata malighafi ya mpira, kutoka seluloidi kwenda plastiki. Seluloidi inawaka vibaya sana, kusafirisha ilikuwa kazi, na hilo sisi tulijua kabla ya wao kwa sababu mpira ukipasuka tulikuwa tunauchoma nyuma ya choo cha hall tuone ule moshi. Plastiki ni mgumu kidogo, spini imepungua tena.

Kwa hivyo hesabu mwenyewe. Toriola wa Rio anacheza na mpira wa tatu, gluu ya pili, hesabu ya pili, sevu ya pili, na mkono ni ule ule wa kijana wa miaka 17. Olufunke Oshonaike, pia wa Nigeria, alianza Atlanta 1996 akafika Tokyo, saba pia, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufika hapo, amepitia karibu hayo yote.

Mniulize basi shosho wa Luxembourg amewezaje, maana yeye alikuwa bingwa hata kabla tenisi ya meza haijaingia Olimpiki (iliingia Seoul 1988). Jibu liko kwa raba yake. Anacheza mkono wa kushoto, anashika raketi kama kalamu, na upande mmoja amebandika vipele virefu. Raba ya kawaida ni laini juu, inashika mpira vile tairi mpya inashika lami, wewe ndiye unaamua mpira uzunguke vipi. Vipele virefu havishiki. Mpira unakuja unazunguka, unagusa vile vijiti vidogo vya raba, vinalala, na mpira unaondoka ukiwa bado unazunguka kule kule ulikokuwa unazunguka, ila sasa unarudi kwako. Maana yake ile topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) uliyopiga kwa nguvu zote za ugali wa jana inakurudia kama bekspini (unaozunguka kurudi nyuma). Ukiipiga tena vile vile, neti. Ukiongeza hasira, neti zaidi. Yeye hajafanya kitu, amekurudishia mzigo wako.

Miaka ya themanini ilikuwa mbaya zaidi maana watu walikuwa wanabandika raba mbili tofauti za rangi moja, wanazungusha raketi mkononi, wengine wanakanyaga sakafu kwa kishindo ili usisikie sauti ya raba gani imegusa mpira. Ndio rangi mbili zikaletwa, nyekundu na nyeusi, na tangu 2021 unaweza kuweka hata waridi au kijani badala ya nyekundu. Watu wakasema wa vipele wamekwisha. Hawakuisha. Mwaka 2017 Ni Xialian alicheza na Hitomi Sato wa Japani, mtu wa kujilinda, mechi moja ikaenda zaidi ya saa moja na nusu. Mmoja ana miaka hamsini na kitu na hakuna anayetaka kukosea kwanza! Na Tokyo, akiwa na 58, alimpeleka Shin Yubin wa Korea Kusini mpaka seti ya saba kabla ya kushindwa. Shin alikuwa na miaka 17.

Mimi mwenyewe vipele vilinifunza adabu. Nilikuwa na 22, miguu iko, nimebandika raba ambayo muuzaji mmoja wa tauni aliniapia ni orijino (haikuwa, juu ilianza kumenyeka kama ganda la kitunguu wiki ya pili). Nikapangwa na mwalimu mmoja mstaafu, tumbo mbele, sweta ndani ya ukumbi. Yule mzee hakusogea zaidi ya hatua moja na nusu mechi nzima. Upana wa meza ni mita moja na nusu tu, ukisimama karibu nayo na ukijua mpira utarudi wapi, unakimbilia nini? Mimi ndiye niliyekimbia, kulia, kushoto, nyuma, mbele. Seti tatu bila. Akanipa mkono akasema, "Kijana, una nguvu sana," na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Ila pia nisiwadanganye, kichwa peke yake hakikupi miaka thelathini. Kuna ligi. Ujerumani, Ufaransa, Sweden, huko klabu zinalipa mshahara, una mechi za maana msimu mzima, una mtu wa kukukanda bega. Timo Boll alianza Bundesliga, ligi ya Ujerumani, akiwa na miaka 14, akacheza Olimpiki saba, na 2018 akarudi kuwa namba moja wa dunia akiwa na 36, mgongo unamsumbua na kila kitu. Oshonaike aliweka makao Hamburg. Aruna Quadri, aliyemtoa huyo huyo Boll pale Rio na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia kumi bora ya dunia, naye amecheza ligi za Ulaya miaka mingi. Vijana wangu wazuri wanaacha wakimaliza Form Four. Mikono yao iko sawa, ni nauli tu.

Basi tulipomaliza kutazama, msichana mmoja wa gredi ya saba, mdogo, huwa hapewi meza mpaka wakubwa wachoke, akauliza kama niko na raba ya vipele. Ninayo moja ya zamani kwa bagi, imebaki vipele vichache pembeni. Nikamwambia usipige, weka tu. Mpira wa kwanza ukaenda kwa mbao za dari. Wa pili ukaanguka upande wake. Wa tatu ukapita, kijana wetu mkali, yule wa swali la shosho, akaupiga kwa ubabe wote, neti. Akaupiga tena, neti. Mara ya nne akageuza raketi yake akaichunguza kama imepasuka.

"Koch, mimi sijafanya kitu," msichana akasema, ameshika raketi mbali na mwili kama sufuria ya moto.

Kijana akataka marudiano papo hapo lakini ilikuwa saa kumi, watu wa maombi wameshafika mlangoni na spika zao, na mzee wa funguo akaanza kukunja neti.