Kuonja waini kwa wima si kupanga chupa nyingi mezani

Jamani hili neno vatiko, yaani vertical, kuonja waini kwa wima, sasa limekuwa la kila mtu. Kuanzia Mbeya mjini mpaka Iringa, lodge ikipata chupa tano sita za waini nyekundu ikazipanga mezani na vipande vya jibini, tangazo linatoka, karibuni kwenye vatiko. Juzi tu nimeliona lingine, chupa moja ya Dodoma, mbili za Afrika Kusini, moja ya Chile, moja ya Italia, miaka haifanani, zabibu hazifanani, mashamba ndo kabisa. Watu waende, wafurahie, ni jambo zuri sana mikoa yetu hii kupata vitu kama hivyo, ila hiyo siyo vatiko.

Kuonja wima ni hivi: waini ni ya mzalishaji mmoja, lebo moja, na mkitaka kuwa makini zaidi iwe ya shamba moja la mizabibu, halafu kinachobadilika ni mwaka wa mavuno peke yake. Yaani 2014, 2015, 2016, 2017 zote ziko mbele yako, kila moja kwenye glasi yake, na unazinywa ukizilinganisha. Kuonja mlalo ni upande wa pili, mwaka unabaki mmoja na wazalishaji ndo wanabadilika, tuseme waini za zabibu ya Cabernet Sauvignon za Stellenbosch, Afrika Kusini, za 2017 kutoka kwa watu watano tofauti. Basi, maana yenyewe imeishia hapo.

Sasa kinachonisumbua zaidi ni huo mwaka. Mtu akiona 2015 kwenye lebo anadhani ni mwaka waini ilipotiwa kwenye chupa, mwingine anasema ni mwaka ilipoingia sokoni, na wengi wakisema hii ni vinteji wanamaanisha ya zamani na ya bei mbaya. Ule mwaka wa kwenye lebo, ambao ndo vinteji yenyewe, ni mwaka zabibu zilipovunwa. Waini ya 2015 inaweza ikakaa kwenye pipa la mwaloni mwaka mmoja na nusu, ikatiwa chupani 2017, ukaikuta dukani 2018, na bado ni ya 2015. Waini iliyovunwa mwaka jana nayo ina vinteji yake, hata kama bei yake ni ya kawaida kabisa. Na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ukiandika mwaka kwenye lebo angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe zimevunwa mwaka huo, kwa hiyo hiyo tarakimu ina uzito, haijawekwa kama pambo.

Halafu kuna la nusu dunia, ya kusini na ya kaskazini. Afrika Kusini wanavuna kuanzia Januari mpaka kama Aprili, Ufaransa wanavuna kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo 2018 ya Stellenbosch imetangulia 2018 ya Bordeaux kwa karibu nusu mwaka. Na hapa kwetu Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, sasa ukiambiwa tu ni ya mwaka fulani bado hujajua ni mavuno yapi. Natamani sana siku moja mtu aandae wima ya waini nyekundu ya Dodoma, shamba moja, ila itabidi aandike na msimu, la sivyo tutakuwa tunachanganya mavuno mawili tunayaita mwaka mmoja.

Kwa nini nasisitiza shamba moja? Chukua Penfolds Grange ya Australia. Zabibu zake zinatoka mashamba mbalimbali na mwaka hadi mwaka mchanganyiko unabadilika, kwa hiyo ukipanga miaka kumi ya Grange ni wima halali kabisa, ila ukikuta tofauti kati ya mwaka huu na ule huwezi kusema kwa uhakika ni mvua na jua au ni kwa sababu zabibu nyingi safari hii zilitoka kwingine. Ukiwa na shamba moja hilo swali linapungua. Linapungua tu, haliishi. Romanée-Conti kule Burgundy, Ufaransa, ni kishamba cha hekta 1.8 hivi, mipaka yake haichezewi, lakini baada ya mavuno ya 1945 mizabibu ikang'olewa na kupandwa upya, hakuna waini ya 1946 mpaka 1951. Ina maana 1945 na 1952 ni udongo ule ule lakini mizizi mingine, ya kwanza imetoka kwenye miti mizee na ya pili kwenye miti michanga, na ukionja bila kujua hilo utaisingizia hali ya hewa bure.

Na msinitajie yale mashindano ya Paris ya Mei 1976, waini za California dhidi ya za Ufaransa, kama mfano wa vatiko, maana nayo nimeshaisikia. Kwenye nyekundu ilishinda Stag's Leap Wine Cellars ya 1973 kutoka California, ikizipita waini za Bordeaux kama Mouton na Haut-Brion za 1970. Wazalishaji tofauti na miaka tofauti kwa pamoja. Hiyo siyo wima wala siyo mlalo, ni ushindani. Kwenye wima hamna mshindi, hata mkipigia kura glasi mnayoipenda bado lengo ni kulijua shamba.

Ndugu mmoja wa Iringa anayefanya kazi ya hoteli aliwahi kutufungulia chupa tatu za shamba moja la Stellenbosch, 2015, 2017 na 2018. Weka karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake, angalia ukingo. Ya 2015 ukingo ulishaanza kwenda rangi ya tofali, ya 2018 bado zambarau nzito mpaka pembeni. Mdomoni 2018 ina ukakasi unaoshika fizi, na hapo ndo unakumbuka kwamba ule ulikuwa mwaka wa ukame mkali, mpaka mabomba ya Cape Town yalikuwa karibu kufungwa. Mzabibu ukikosa maji punje zinakuwa ndogo, ganda linakuwa kubwa ukilinganisha na maji ya ndani, na rangi na ukakasi vinatoka kwenye ganda. Lakini sehemu ya huo ukakasi ni kwa sababu ilikuwa bado changa, tanini, zile zinazoleta ukakasi, hazijapata muda wa kuungana na kulainika. Kwa hiyo kila glasi inakuletea vitu viwili kwa mkupuo, hali ya hewa ya mwaka ule na umri wa chupa, na kazi yote ni kuvitenganisha. Sisi wa huku tuna bahati maana tunaujua ulanzi, pombe ya mianzi, ule wa asubuhi mtamu kama togwa na ule ule jioni umeshakuwa mkali, huo ni umri. Ulanzi wa mvua nzuri na wa mvua haba, huo ni msimu. Ukikuta waini ya zamani bado imechangamka na ya juzi imeshachoka, hapo umri hauwezi kuwa sababu, mwaka wenyewe unaongea.

Ndo maana pia chupa zote ziwe zimesafiri na kutunzwa sawa. Moja ikipandishwa mlima Kitonga kwenye lori lililoshinda juani kuanzia Dar na nyingine ikaja kwenye baridi, mtakachoonja ni lori. Na Mbeya mwezi wa saba chupa ikitoka rafuni usiku inakuwa baridi mno kwa nyekundu, ukakasi unazidi, iacheni ipande mpaka nyuzi 16 au 18 kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu wenye lodge, mkiwa na chupa mchanganyiko andikeni tu kuonja waini nyekundu, watu watakuja vile vile. Na mkitaka wima ya kweli hamhitaji miaka kumi wala Burgundy, tafuteni lebo moja, shamba moja, miaka miwili tofauti, mmwage mililita 50 kila glasi na muwaambie wageni mapema kwamba tarakimu iliyo kwenye lebo ni ya mavuno.