Maji ya mfereji: sheria ikamate dawa, isingoje majibu ya maabara

Watu wakishajua kazi yangu ni maji, suali la kwanza ni lilelile, haya maji ya mfereji yanafaa kunywa? Na mie huwarudishia suali: yametiwa dawa lini, katia nani, na nani kapima kama ile dawa imefika huku mwisho wa mpira? Wengi hutegemea nitawatajia majibu ya maabara. Majibu ya maabara nayaheshimu, ndo kazi yenyewe hiyo, lakini kwa vijidudu vya kipindupindu na vya kuharisha yanakuja watu wameshakunywa. Hapo ndo nataka tukae leo, mana tukizungumza sheria za maji tunaishia kwenye viwango, kiwango hichi kiwango kile, na lile suala la nani alazimike kusafisha, kwa njia gani, na aonyeshe nini kila siku, tunalipita mbio.

Tuanze na kipimo chenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji ya kunywa yasionekane E. coli, yani bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia, hata mmoja kwenye mililita 100. Sasa tangi la lita elfu hamsini tukichota mililita 100, tumepima sehemu moja katika laki tano ya yale maji, halafu ile sampuli inakaa kwenye joto maabara karibu siku nzima ndo itoe jawabu. Jawabu likiwa zuri linazungumzia ile kopo na ile saa. Likiwa baya, lile tangi limeshamalizika, yameingia maji mengine. Na sampuli zenyewe hazichukuliwi kila siku, popote pale duniani, ghali.

Kwa hivyo wenzetu waliotangulia kutunga sheria hizi walikuja kugundua kwamba kuna vitu unaweza kuviwekea namba na vyengine huwezi. Marekani wana Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya 1974, na chini yake kuna kanuni za aina mbili. Aina ya kwanza ni kikomo, kwa mfano naitreti (kemikali inayotoka kwenye mbolea na makaro) isizidi kiasi fulani, unapima, imezidi au haijazidi. Aina ya pili haikwambii upime kirusi kwenye maji, mana kukipima ni shida na ni gharama, inakwambia safisha kwa namna hii na uthibitishe kila siku kuwa umesafisha. Kanuni yao ya maji ya juu ya ardhi ya 1989 ilikwenda hivyo, na ya maji ya chini ya ardhi ya 2006 ikafuata: kisima kikionekana kina kinyesi, mwenye mradi ama atengeneze kasoro, ama aondoe chanzo cha uchafu, ama atafute chanzo chengine, ama atie dawa inayoua virusi asilimia 99.99. Akichagua dawa basi haachiwi hivihivi. Mradi unaohudumia watu zaidi ya 3,300 unapima klorini, ndo hiyo dawa yenyewe, mfululizo kwa mashine, mdogo kuliko hapo unapima kwa mkono kila siku na kuandika. Mie naipenda sana hii ya kwamba hata mradi mdogo haukusamehewa, umepewa tu njia rahisi.

Mtu atasema hayo ya Marekani, sie maji yetu yanatoka chini, masafi, ya chemchemi, tangu Sultan Barghash anavuta maji kwa mabomba kutoka kaskazini ya mji watu wanakunywa. Hii fikra ndo inayoniuma. Ni kweli Unguja na Pemba karibu maji yote ya mfereji yanatoka visimani, mapangoni na kwenye chemchemi, na ni kweli ardhi ikiwa na udongo mzito wa kina maji yanachujika yakishuka. Lakini angalia Makunduchi, Jambiani, Nungwi, na huko Pemba angalia Micheweni, mguu wako unakanyaga jiwe la matumbawe, limejaa matundu na nyufa, udongo kiganja kimoja. Mvua ya masika ikipiga, maji ya uani pamoja na ya makaro yanashuka kwenye zile nyufa bila kuchujwa na chochote. Wale wataalamu wa kanuni wana kundi maalumu kwa maji kama haya, maji ya chini yanayoathirika moja kwa moja na maji ya juu, na kisheria Marekani wanayahesabu sawa na maji ya mto, yani lazima dawa na kwa kawaida lazima yachujwe pia. Sie bado ukisema kisima kinahesabiwa kisima, kiwe cha mita sitini kwenye udongo au pango unaloona mwangaza ndani. Ningekuwa nna neno moja tu la kusema kwa watunga kanuni ningesema hilo, vyanzo vipangwe kwa mwamba wake na dawa ilazimishwe kwa kufuata huo mwamba, kabla hakujapatikana sampuli mbaya.

Kama kuna mtu anaona nazidisha, asome yaliyotokea Walkerton, mji mdogo wa watu elfu tano hivi kule Ontario, Canada, mwezi wa Mei 2000. Kisima kifupi, kwenye mwamba wa chokaa wenye nyufa, jirani na shamba la ng'ombe, ikanyesha mvua kubwa. Watu 7 walikufa na wengine kama 2,300 wakaumwa. Uchunguzi wa serikali ukaja kuona kwamba waendeshaji walikuwa wakitia klorini pungufu na kuandika kwenye daftari vipimo ambavyo hawajapima, na kwamba kingelikuwepo kifaa cha kupima klorini mfululizo pale kisimani, msiba ule usingefika pale. Nchi tajiri, maabara zipo, viwango vipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia dawa kila siku na mtu wa kumuangalia huyo anayeangalia.

Sasa twende kwenye hesabu kidogo, si ngumu. Klorini inaua kwa viwili, wingi wake na muda inaokaa na maji, unazidisha. Kwa maji ya joto la nyuzi 25 kama yetu, jedwali la Marekani linataka zao la 2 tu, yani miligramu kwa lita mara dakika, kuua virusi hiyo asilimia 99.99. Ukiwa na klorini huru (ile iliyobaki haijatumika) miligramu 0.5 kwa lita na maji yakatulia tangini nusu saa, hiyo ni 15, umepita kwa mbali. Joto letu linatusaidia. Lakini pampu ikiwa inasukuma moja kwa moja kwenye mtandao bila ya kupitia tangini, tuseme kyubiki mita 30 kwa saa ndani ya bomba la inchi sita, nyumba ya kwanza iko mita sitini, maji yanafika kwa dakika mbili tu. 0.5 mara 2 ni 1, haijatosha, na ile nyumba ya kwanza ndo inayosifiwa kuwa na presha nzuri! Kwa hiyo kanuni ikisema "maji yatiwe klorini" basi haijasema kitu, inatakiwa iseme klorini kiasi gani na ikae muda gani kabla ya mtu wa mwanzo hajafungua mfereji. (Vimelea kama Cryptosporidium klorini haiviwezi, huko ndo uchujaji unapoingia, hiyo nitaiandikia siku yake.)

Halafu mgao. Maji yakikatika mabomba yanabaki matupu, penye kutoboka panavuta kilicho nje, na mjini kilicho nje mara nyingi ni maji ya makaro. Yakirudi, ya mwanzo ndo mabaya kuliko yote. Ndo mana dawa lazima ibakie hadi mwisho, angalau miligramu 0.2 kwa lita kwenye ndoo ya mtu wa mwisho, na kipimo kichukuliwe siku ya kurudi maji na kule mbali, si pale tangini panapofikika kwa gari.

Chumvi na naitreti klorini haziondoshi, hilo lijulikane. Hizo ndo za kikomo, naitreti ni miligramu 50 kwa lita kwa mwongozo wa WHO, na dawa yake ni kuchimba kisima mbali na makaro na kutokisukuma kisima cha pwani mpaka kivute bahari.

Nani afanye? Vyombo vipo. ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, ilianzishwa kwa Sheria ya Maji ya 2006 na inatoa huduma, ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati, ya 2013 inadhibiti. Wengi tunaijua ZURA kwa bei ya mafuta, lakini maji pia ni yake. Na Zanzibar imeshajiwekea mpango wa kutokomeza kipindupindu ifikapo 2027, baada ya ule mlipuko wa 2015 na 2016 uliowaliza wengi. Wasiwasi wangu ni walio nje ya mtandao mkubwa: kisima cha kamati ya kijiji, cha skuli, cha hoteli, gari za kuuza maji. Marekani mfumo ukihudumia watu 25 kwa siku 60 za mwaka, au ukiwa na maungio 15, unahesabiwa wa umma na sheria inaushika, awe mwenyewe serikali au mtu binafsi. Namba si lazima tuchukue ileile, lakini iwepo, mana bila ya mstari kila mdogo anajiona hahusiki.

Kifaa cha kupimia klorini kinaingia mfukoni, unatia kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na kadi, dakika moja. Kila anayefungua koki asubuhi apewe, afundishwe, aandike namba na saa, na ikishuka chini ya 0.2 ajue nambari ya simu ya kupiga siku hiyohiyo na anayepokea awe na mamlaka ya kusema funga. Daftari lenyewe kopi iende kwa sheha, watu walione. Kama mna kisima cha jamii mtaani kwenu na hamjui dawa inatiwa lini, anzeni kwa kuuliza hilo daftari, na mkiambiwa halipo niandikieni hapa chini kisima kipo juu ya udongo au juu ya jiwe, tuanze kutoka hapo.