Kunasa si kughushi, na "kudukua" hakutoshi

Juzi mgahawani niliuliza kama Wi-Fi yao ni salama. Kijana wa kaunta akanionyesha karatasi iliyobandikwa juu ya jokofu la soda, nywila imeandikwa kwa maka peni nyeusi. "Hii ina paswedi, kaka, haidukuliki." Nimeshalisikia hilo mara nyingi mno.

Kunasa ni kuchukua mawasiliano yanayopita hewani bila wenyewe kujua. Kughushi ni kujifanya mtandao au kifaa kingine. Basi.

Shida ni kwamba "kudukua" tumekubebesha yote mawili. Neno lenyewe linakaribiana sana na kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu. Mdukizi ni yule anayetega sikio nyuma ya mlango. Kwa hiyo likisemwa kwa uangalifu liko upande wa kunasa. Kughushi kuna ukoo mwingine kabisa: limetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno la udanganyifu wa sokoni. Anayetia maji kwenye maziwa hasikilizi siri ya mtu. Anakuuzia kitu kwa jina la kingine, na wewe unakipokea kwa mikono yako.

Tofauti hii si ya kamusi tu, maana dawa zake hazifanani. WEP, kinga ya kwanza ya Wi-Fi, ilivunjwa mwaka 2001, na mengi yaliyofuata, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018, yalilenga zaidi kuzuia kunasa kwa kusimba data, yaani kuigeuza isomwe na mwenye ufunguo tu. Lakini simu iliyo mfukoni mwako inautambua mtandao wa mgahawa kwa jina na nywila, hakuna zaidi. Mtu akikaa meza ya pembeni na ruta ndogo, akaipa jina lilelile na nywila ileile ya juu ya jokofu, simu iliyowahi kuunganishwa hapo inaweza kumfuata yenyewe. Data itasimbwa vizuri sana, ila ufunguo anao tapeli.

Na kwa WPA2 karatasi ile inaharibu hata upande wa kunasa: mwenye nywila, akizidaka zile salamu ambazo simu na ruta hupeana mwanzoni, anaweza kusoma mawasiliano yako yasiyolindwa na HTTPS, usimbaji wa tovuti zenyewe. WPA3 imeliziba hilo. Kuzuia kughushi kunahitaji mtandao wenyewe ujithibitishe, kama kwenye ofisi zinazotumia cheti cha seva, kitambulisho cha kidijitali cha mtandao, ambacho simu hukikagua kabla ya kutoa chochote.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kaunta, hukukosea sana. Nywila yako inamzuia mpita njia asiyeijua. Ukiulizwa tena sema tu "imesimbwa", na mteja akiinuka mkumbushe abonyeze "sahau mtandao huu" kabla hajatoka mlangoni.