Mimea tambazi ya majani manene: yasemwayo Mombasa, na yalivyo

"Huu hautaki maji. Panda, usahau." Ndivyo wanavyosema wauza miche wengi wa kando ya barabara, na ni nusu ya kweli tu. Mmea wa majani manene huvumilia ukame baada ya mizizi kushika. Kipandikizi kilichokatwa jana hakina mizizi. Kinakula akiba ya maji iliyo majanini mwake. Ukikipanda Januari kaskazi ikivuma kisha ukakisahau, kitakauka kama kitu kingine chochote. Kimwagilie kila udongo wa juu unapokauka, kwa wiki tatu au nne, halafu punguza. Kwa mji unaongojea maji yasafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, na mara nyingi ukaishia kununua ya mkokoteni, hiyo si gharama kubwa.

Wengi hudhani adui ni jua. Mombasa adui ni masika. Aprili na Mei mvua hunyesha mfululizo, udongo haukauki, mizizi inakosa hewa na kuoza. Majani hugeuka manjano, yanalegea, ukiyabonyeza yanatoa maji. Mwenye bustani akiona yamelegea huongeza ndoo nyingine, na hapo ndipo anapoumaliza mmea. Mmea wenye kiu majani yake husinyaa na kukunjamana. Uliozidiwa maji majani yake huwa teketeke. Ukijua kutofautisha hayo mawili, umeokoa kitalu. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kama sehemu za Changamwe, inua tuta na uchanganye mchanga mwingi na kokoto. Aliyejenga juu ya mwamba wa matumbawe ana bahati: maji yanapita yenyewe.

Samadi je? Kidogo tu. Ukiijaza, portulaka, mmoja wa mimea hii unaopandwa kwa ajili ya maua yake, itanenepa majani na kukunyima maua.

Kuhusu portulaka hiyohiyo, watu huikimbilia na dawa jioni wakiona maua yamejifunga. Haina ugonjwa. Asili yake ni Amerika Kusini, na maua yake hufunguka kwa jua kali, hufunga alasiri au mawingu yakitanda. Kila ua huishi takriban siku moja, kisha linachanua jingine. Ukiipanda chini ya mwembe usitarajie rangi.

"Maji ya kisima yana chumvi, yataua kila kitu." Inategemea umepanda nini. Tembea ufukweni utauona mmea unaotambaa juu ya mchanga, mashina mekundu, maua madogo ya waridi. Wataalamu huuita Sesuvium portulacastrum. Huo umezoea mawimbi kuurushia maji. Kisima chako hakiutishi. Kwa nyumba ya karibu na bahari, mimi ningeanza nao kabla ya kitu chochote cha kununuliwa. Ila usiung'oe ufukweni, maana ndio unaozuia mchanga usipeperuke. Omba kipande kwa aliyenao bustanini.

Si kila chenye majani manene kinafaa hapa. Baadhi ya miche inayostawi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na usiku wenye baridi, ikiletwa Pwani huoza kwa joto na unyevu wa usiku. Muulize muuzaji ilikuzwa wapi.

Wengine wanaogopa mbu. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, na mmea huu hauna pa kuyatuamisha. Kagua visahani vya chini ya vyungu.

Eti pia unaua magugu. Ukishafunika ardhi, huyapunguza, ila si ndago. Ndago ina viazi chini, itapenya katikati ya portulaka yako na hutaweza kuichimbua bila kuvuruga kila kitu. Ichimbue kwanza, ngoja ichipue tena, ichimbue tena, ndipo upande vipandikizi, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine. Na kama watoto huchezea mpira hapo, panda ukoka. Majani haya yakikanyagwa hupasuka.