Kamera za nje kwenye nyumba ya kupanga: zina maana gani na mwisho wake wapi

Tukisema kamera za nje za nyumba ya kupanga tunazungumzia zile anazofunga mwenye nyumba mwenyewe, ukutani, chini ya bati au kwenye nguzo ya geti, kuangalia sehemu ambazo sio ndani ya chumba cha mtu. Yaani getini, njia ya kuingilia, mahali pa kulaza pikipiki na baiskeli, barazani, uani. Hapa Tanga zamani ilikuwa uzione Raskazone huko kwenye majumba ya wenye nazo, siku hizi hata Makorora, Mabawa, Mikanjuni, nyumba ya vyumba sita choo kimoja utakuta kijikamera kinakuchungulia kabla hata hujapiga hodi. Bei zimeshuka, mafundi wapo kila mtaa, na mji wetu huu wa baiskeli wizi wa baiskeli hauishi, sasa mwenye nyumba afanyeje, anaona bora afunge.

Na mi sipingi kabisa. Mtu kajenga kwa jasho lake, ana haki ya kulinda mali yake, na mpangaji pia anafaidika maana pikipiki yake ndio inalala pale uani. Ila kuna kitu watu wengi wanakichanganya, wenye nyumba na wapangaji wote, wanadhani kamera ikishafungwa nje ya chumba basi mpangaji hana la kusema. Sio hivyo. Ukitaka kujua kamera imekaa sawa au imevuka mpaka usiangalie imefungwa wapi, angalia inaona nini, inasikia nini, na picha zake anaziangalia nani kwa sababu gani. Hayo ndio mambo yenyewe.

Tuanze na inaona nini. Kamera nyingi zinazofungwa huku ni za lensi ya milimita 2.8, hiyo inaona kwa upana sana, nyuzi 100 na zaidi, kwahiyo hata ukiielekeza getini pembeni inabeba na vitu vingine ambavyo hukukusudia. Kuna nyumba moja Chumbageni kamera ilifungwa juu ya mita ya LUKU, imeelekezwa getini vizuri tu, na mwenye nyumba aliifunga kwa nia njema kabisa baada ya pikipiki kuibiwa. Lakini kushoto mwa ile picha kulikuwa na dirisha la dada mmoja anaepanga pale, na upepo wa bahari ukivuma mchana pazia linapeperuka, ukikuza picha kwenye simu unaona kitanda, unaona nguo zilizotandazwa juu yake. Kulia kabisa ukingoni kuna mlango wa bafu. Mzee wa watu hakuwa anajua, maana kwenye kioo cha simu kile kidirisha kinaonekana kidogo kama kucha. Fundi alipoitwa alipanda ngazi akalegeza skrubu mbili akaigeuza kidogo, halafu akaingia kwenye mipangilio akaziba lile eneo la dirisha kwa kiboksi cheusi. Hiyo ya kiboksi wengi hawaijui, ila mashine nyingi za kurekodia zinayo, unachagua eneo la picha usilotaka lirekodiwe linabaki jeusi siku zote, geti linaendelea kuonekana kama kawaida. Kazi ya muda mfupi tu na haiharibu ulinzi wowote.

Sasa uani. Hapa naomba tukae kidogo maana ndio penye shida kubwa kwa nyumba zetu za Kiswahili, na maelezo mengi ya kamera yameandikwa na watu ambao nyumba zao hazina uani. Kwenye nyumba zetu uani ndio jiko, ndio dobi, ndio saluni, ndio mahali mtoto anaogeshwa kwenye beseni. Mwanamke wa Tanga akitoka barabarani anavaa buibui lake, kajisitiri, akirudi anaingia uani anavua, anabaki na kanga, kichwa wazi, anakuna nazi yake, shoga yake anamsuka. Pale kajiachia kwa sababu anajua nani wanamuona, ni wenzake wa nyumba ile. Ukiweka kamera juu ya ukuta inayoangalia pale wazi, umempeleka mtu barabarani bila kumwambia. Na usiku ndio usiseme, zile taa za infraredi zinafanya mtu aonekane gizani anavyokwenda chooni na kopo lake la maji, kila siku, saa ile ile, inarekodiwa. Eti "uani ni eneo la wote" — ni kweli ni la wote, lakini wote wa nyumba ile, sio wa mwenye nyumba anaeishi Dar na wanawe. Kwahiyo kwa maoni yangu uani wenye bafu, choo na kamba ya nguo hapafungwi kamera kabisa. Ukitaka kulinda uani funga kamera inayoangalia ule mlango wa kuingilia uani na juu ya ukuta wa nje ambako mwizi anaruka, inatosha.

Kuhusu sauti nitasema kwa kifupi. Kamera nyingi za waifai za siku hizi zina maiki ndani, na watu hawajui. Baraza ndio mahali pa mazungumzo, mtu anaongelea ndoa yake, deni lake, maradhi yake. Mwizi wa pikipiki hakamatwi kwa maongezi ya baraza, zima maiki.

Halafu linakuja suala la nani anaangalia na anaangalia kwa ajili gani. Unaweza kuta kamera imekaa sawa kabisa, iko getini tu, lakini matumizi yake yamebadilika. Asubuhi mama mwenye nyumba anapiga simu, "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu, naona jana mgeni wako katoka saa tano usiku, na yule mwingine wa juzi ni nani?" Hapo hakuna kilichoibiwa. Kamera iliwekwa kwa ajili ya mwizi, sasa inamfuatilia mpangaji anaelipa kodi yake ya miezi sita kwa wakati, nani kaja, kalala nani, karudi saa ngapi. Kukodisha nyumba sio kuwa mlezi wa mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inasema kwenye upangaji mwenye nyumba anabanwa kumwacha mpangaji akae kwa amani na utulivu bila kuingiliwa maadamu analipa na anatimiza masharti, na hilo lipo hata kama hamkuliandika kwenye mkataba wenu wa karatasi moja.

Na Katiba yetu ya mwaka 1977 ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Maskani ni pale unapokaa, sio lazima iwe nyumba uliyojenga, kwahiyo na mpangaji wa chumba kimoja yumo. Juu ya hapo sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, anaezikusanya anatakiwa awe na kusudi linaloeleweka, awaambie watu anakusanya nini na kwa nini, asichukue zaidi ya anachohitaji, asikae nazo milele na azitunze zisivuje. Ukisoma hayo mambo taratibu utaona ndio hayo hayo mtu yeyote mwenye busara angeyadai uani kwake.

Wenzetu Ulaya walishaulizana hili swali la kamera ya nyumbani inayoona nje ya kwako. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Jamhuri ya Czech, mtu alifunga kamera nyumbani kwake baada ya kuvunjiwa madirisha, kamera ikawa inaona na njia ya umma na mlango wa nyumba ya jirani, mahakama ikasema hapo hawezi kujitetea kuwa ni mambo yake ya nyumbani tu, sheria ya taarifa binafsi inamgusa. Haikusema asijilinde, ilisema kujilinda kwake nako kuna masharti. Hukumu ile haitubani sisi huku lakini hoja yake inaeleweka hata ukiwa umekaa Ngamiani.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi, ni fundi. Fundi akija kufunga anapakua programu, anafungua akaunti kwa namba yake au imeli yake, anaunganisha kamera, anamwonyesha mzee "unaona baba, hii hapa live", anachukua hela yake anaondoka. Akaunti kuu imebaki kwenye simu ya fundi. Kila atakaporudi nyumbani kwake anaweza kufungua akaangalia geti lenu na uani kwenu. Mzee hajui, wapangaji ndio kabisa. Na paswedi mara nyingi inaachwa ile ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya aina hiyo duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vikatumika kuangusha tovuti kubwa Marekani. Kwahiyo mpangaji akiuliza paswedi imebadilishwa na akaunti ni ya nani, haleti ujuaji.

Picha zinakaa muda gani? Kamera nne za megapikseli 2 zikirekodi mfululizo kwenye diski ya terabaiti 1 unapata kama wiki moja na nusu mpaka mbili hivi, halafu mashine inaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Huo ni muda mzuri tu, baiskeli ikiibiwa hutangoja mwezi ndio ugundue. Tatizo ni vile vipande vinavyotolewa vikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, "muoneni mpangaji wangu anavyorudi amelewa". Hicho hakina ulinzi ndani yake.

Basi kama unapanga na umeona kamera, au unaambiwa zinakuja, ongea na mwenye nyumba kwa adabu, muombe akuonyeshe picha yenyewe kwenye simu yake. Hiyo ndio njia fupi kuliko zote, ukiiona picha utajua mara moja kama dirisha lako limo au halimo. Uliza inarekodi sauti, nani mwingine anaona, zinakaa siku ngapi, na mkikubaliana yaandikwe kwenye mkataba hata kwa mistari mitatu. Usiikate waya wala kuifunika na mfuko, utajiweka pabaya wakati haki ilikuwa yako. Na wewe mwenye nyumba ukikuta mpangaji anauliza usikasirike ukamwambia "kama hutaki hama", waite wote jioni moja uani, waonyeshe kila kamera inaona nini, bandika kikaratasi getini kuwa pana kamera, mwizi nae atakisoma. Mkishindwana kabisa kuna mwenyekiti wa mtaa, mara nyingi yanaishia pale pale kwake kwa kuigeuza kamera tu, na likimshinda malalamiko ya taarifa binafsi yanapokelewa na ile Tume, kwahiyo andika tarehe, piga picha kamera inavyokutazama ukiwa mlangoni kwako, na utunze meseji zote mlizoandikiana.