Umati Uwanjani Si Kura Sandukuni

Kisumu utasikia kwamba chama kikipoteza mvuto, dawa ni kinara kupanda jukwaani. Uwanja ukifurika, kura zimerudi. Sivyo. Tazama Ugenya, eneo bunge katika kaunti jirani ya Siaya, ngome kweli kweli ya ODM, chama kilichoongozwa na Raila Odinga. Katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2019, mgombea wa ODM alibwagwa na David Ochieng wa MDG, chama kidogo. Mwaka 2022 Ochieng alikitetea kiti, ilhali Siaya nzima ilimpigia Raila kura za urais kwa wingi. Kinara alipendwa, tiketi yake haikutosha. Kwa maoni yangu mvuto hurudi kupitia mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuteua wagombea: sajili safi ya wanachama, na anayeshindwa aone kura zikihesabiwa. Vyeti vya uteuzi vya moja kwa moja, bila mchujo (ni rahisi, nakubali), huzalisha wagombea huru.