Kupima tabia ya hila katika biashara za familia

Katika biashara nyingi za familia hapa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia maduka ya Mwanjelwa hadi viwanda vidogo vya mbao vya Mafinga, ndugu anayehisi kuzungukwa na mwenzake hana pa kulalamika bila kuonekana anavunja ukoo. Swali la kama tabia ya hila, yaani mwelekeo wa kuwatumia watu kwa ujanja ili kujinufaisha, inaweza kupimwa linastahili jibu la uangalifu.

Inaweza, lakini kwa kadiri tu. Mwaka 1970 Richard Christie na Florence Geis wa Marekani walichapisha kipimo kiitwacho Mach-IV, chenye kauli 20 zinazohusu uongo, kusifia wakubwa na imani kwa binadamu wenzetu. Mhojiwa huonyesha anavyokubali au kukataa kila kauli, kwa alama 1 hadi 7, na nusu ya kauli zimegeuzwa maana ili anayekubali kila kitu bila kusoma asipate alama ya juu. Dodoso fupi la Jones na Paulhus la mwaka 2014 lina kauli 27, likipima pia majivuno na ukosefu wa huruma. Alama humlinganisha mtu na wengine waliojibu. Haimtangazi kuwa mlaghai.

Ugumu mkubwa uko kwa wanaojibu. Kijana anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga ya baba yake mkubwa, akikabidhiwa dodoso na baba mkubwa huyohuyo, atajibu kama anavyotarajiwa mtoto mwenye adabu, na mwenye hila hasa ndiye atakayetambua upesi jibu linalopendeza. Hata dodoso likigawiwa na mtu wa nje bila kuandika majina, katika familia yenye watu watano umri peke yake humtambulisha aliyejibu. Kwa maoni yangu, vipimo hivi vinafaa utafiti unaokusanya biashara nyingi, wala si kumchunguza ndugu mmoja.

Tafsiri nayo hupotosha. Kauli inayouliza kama ni busara kuwasifia watu muhimu hupima hila kule ilikotungwa, ilhali kwetu mtu anaweza kuikubali kwa sababu tu amelelewa kuheshimu wazee. Kauli za namna hiyo zijaribiwe kwanza kwa wenyeji wenyewe, na tafsiri irudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine, kabla alama yoyote haijahesabiwa.

Ninasikitika sana ninaposikia wazo la kumnyima mtu urithi au uongozi wa duka kwa sababu ya alama hizo. Majibu ya mtu kuhusu tabia yake ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Familia yenye shaka ianze na daftari la mauzo, hesabu ya mali iliyopo stoo, na utaratibu wa benki unaotaka saini za watu wawili kabla fedha hazijatoka.